Wageni wanataka watu wa kambi wasimulie mafuriko yalivyowakuta. Tuwakubalie?

Mwalimu_wa_Kano, 4 Mei 2024, saa 3:20 usiku

Salaam wadau. Poleni na mvua, popote mlipo.

Niko Kadibo, Kisumu, katika shule ya msingi ambayo kwa sasa ni kambi. Mto Nyando ulipotoka kwenye kingo zake watu walikimbilia hapa na magodoro, kuku na kile walichoweza kubeba kichwani. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikasogezwa wiki moja, na jana Rais amesema zisubiri mpaka itangazwe tena. Kwa hiyo madarasa bado ni vyumba vya kulala na sioni tukihama karibuni. Mimi ni mwalimu wa BOM, yaani niliyeajiriwa na bodi ya shule, hapa hapa, na kamati ya kambi imenifanya katibu, nadhani kwa sababu nina mwandiko unaosomeka.

Sasa swali. Juzi alikuja kijana mmoja mwenye fulana ya shirika, akatuambia Jumanne wataleta makaunsela watupe msaada wa kisaikolojia. Watakuja siku hiyo moja tu. Mpango wao ni kwamba watu wazima wataketi madarasani kwa makundi, na kila mmoja ataeleza maji yalimkuta wapi, alipoteza nini na anajisikiaje. Watoto watachora mafuriko. Halafu kila mtu atajaza fomu yenye jina, namba ya kitambulisho na simu, na kutapigwa picha. Atakayehudhuria atapewa sabuni na unga.

Wenzangu kwenye kamati wamefurahia unga. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mtu mzima ambaye nyumba yake pia imekwenda, amekataa kabisa kuketi kwenye kundi hilo. Anasema, "Mimi nitalia mbele ya wakwe zangu kwa ajili ya sabuni?" Nimekosa jibu la kumpa.

Na si kwamba watu hawana shida. Kuna mzee ambaye mama yake alifariki kabla ya mafuriko. Maiti iko mochari, boma lao liko chini ya maji, hakuna pa kuchimba kaburi, na bili inapanda kila siku. Mzee hapati usingizi. Usiku kucha anazunguka ua wa shule. Kuna mtoto wa Gredi 2 ambaye tangu maji yaingie haongei, anashika tu leso ya nyanya yake. Kuna kijana wa kifafa ambaye dawa zake zilisombwa. Ameanguka karibu na jiko mara kadhaa, watu wanakimbia wakisema ni mapepo. Na kuna muuza dawa wa hapa anayewapa akina mama vidonge vya usingizi kwa huruma yake.

Sisi hatujasomea haya mambo. Tukubali wageni waje? Na wasipokuja, tufanye nini sisi wenyewe?


Mtumishi_Ahero, 4 Mei, saa 3:55 usiku

Pole mwalimu. Makaunsela ni mambo ya mjini hayo. Watu wetu wakipatwa na msiba wanakusanyika, wanaimba, wanaomba, wanalia pamoja na kupona. Tafuteni ngoma na mtu wa kuongoza nyimbo jioni. Unga upokeeni, unga ni unga.


Sista_Mstaafu, Nakuru, 4 Mei, saa 4:40 usiku

Mwalimu, pole na kazi hiyo ya ukatibu ambayo hukuomba. Mimi nimekuwa nesi wa magonjwa ya akili mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa nimefanyia Nakuru. Nilikuwa pale uwanja wa maonyesho mwaka 2008, watu walipojaa wakikimbia vurugu za uchaguzi. Nilikwenda Solai bwawa lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018. Wiki hii vijana niliowafundisha kazi wako Mai Mahiu, ambako maji yaliwabeba watu usingizini tarehe 29. Nitakujibu kwa kirefu, univumilie.

Kwa mpango huo walioueleza, msikubali. Waje wakitaka, lakini wabadilishe kazi.

Huo mtindo wa kuwaketisha watu mara moja baada ya janga na kumtaka kila mmoja atoe alichoona ulipendwa sana miaka ya 80 na 90, hasa ng'ambo, kwa wazima moto na manusura wa ajali. Ilidhaniwa kwamba mtu akishayatoa yote mapema, hayatamsumbua baadaye. Watafiti wakaja kulinganisha waliopitishwa humo na wasiopitishwa. Waliopitishwa hawakuwa na nafuu zaidi, na katika baadhi ya tafiti hali yao miezi iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko ya wenzao walioachwa. Shirika la Afya Duniani likashauri usitumiwe. Na ule mwongozo wa IASC, kamati inayokutanisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mengine makubwa ya misaada, uliotolewa 2007, una orodha ya mambo ya kufanya na ya kutofanya. Kikao cha mara moja cha kuwasimulisha watu wote waliopatwa na janga kimo upande wa kutofanya, bila kumung'unya maneno. Kijana wa fulana ukimwuliza kwa upole kama shirika lake linafuata mwongozo huo atasema ndiyo, maana wote husema ndiyo. Hapo ndipo umwulize kikao cha Jumanne kinaingiaje.

Kwa nini kinadhuru? Kwa sababu mtu aliyejishikilia ili apikie watoto leo anafunguliwa hadharani, halafu aliyemfungua anapanda gari saa kumi jioni. Na kwa sababu mwenzake aliyepona na hasara ndogo anakwenda kulala na picha za mafuriko ya wenzake wote wa kundi juu ya yake. Na kwa sababu hiyohiyo aliyosema mwenyekiti wako. Kuna mambo ambayo mama wa Kijaluo hatayasema mbele ya mkwe, na hata sisi huku hatuyasemi. Huyo mama msikilizeni, ana akili kuliko huo mpango.

Jambo la sabuni na unga ndilo linaloniudhi zaidi. Mwaka 2008 kila kikundi kilikuja na daftari lake. Kulikuwa na mama mmoja, nyumba yake ilichomwa Molo, ambaye alikuwa amehojiwa mara nyingi hadi akawa anaisema habari yake kwa sauti moja, kama anayejibu rejista. Nilipoketi karibu naye akaanza kuisema bila kuulizwa. Nikamwambia, mama, mimi sikuja kuuliza, nimekuja kuona huyo mtoto anayekohoa. Akaniangalia muda mrefu, kisha akauliza kama kwa hiyo blanketi halipo. Alikuwa ameshajifunza kwamba machozi ndiyo yanayolipa. Chakula cha mtu aliyepatwa na janga ni haki yake, kisitolewe kwa kubadilishana na hadithi yake. Hilo mwalimu lisimamie hata kama kamati nzima itakununia. Unga wagawe kwa familia zote kwa daftari la kambi, na mazungumzo yawe kitu kingine kabisa, siku nyingine, kwa anayetaka.

Sasa hiyo ya pili, mfanye nini wenyewe.

Mtumishi hapo juu amesema ukweli ambao wasomi walichukua miaka mingi kuuandika. Huo mwongozo una piramidi ya ngazi nne. Chini kabisa, pale panapobeba watu wote, ni usalama, chakula, maji, pa kulala, vyote vikitolewa kwa namna isiyomdhalilisha mtu. Juu yake ni familia na jamii: watu kutafutana, kuzika, kuomba, watoto kucheza na kusoma. Ya tatu ni msaada wa mtu kwa mtu au kwa vikundi vidogo, unaotolewa na mtu aliyefundishwa kidogo na kusimamiwa. Kilele ni sisi wenye koti jeupe, kwa wachache. Mgeni wako anataka kuanza na kipande cha ngazi ya tatu, tena kibaya, kabla hajauliza kama choo cha wanawake kina komeo.

Kina komeo? Kina taa usiku? Naanza hapo siku zote. Solai tulikuta wanawake wanaolalamika kichwa, tumbo, usingizi. Tulipouliza vizuri, walikuwa hawanywi maji kuanzia alasiri ili wasiende chooni gizani. Taa ya sola na mama wawili wa zamu wanaosindikiza wenzao, na nusu ya hayo maumivu yanapungua. Hiyo ni kazi ya saikolojia hata kama hakuna anayeiita hivyo. Wekeni pia saa maalumu ya kutoa habari: mto uko vipi, chakula kinafika lini, nani ameonekana na nani bado anatafutwa. Msipojua semeni bado hatujajua, kesho saa fulani tutawaambia. Uvumi unawamaliza watu kuliko njaa.

Kwa wale mnaowaona wameelemewa, kuna huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kitabu chake 2011, na kiliandikwa kwa ajili ya watu kama wewe, si madaktari. Kina maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama pako salama na nani anahitaji kitu cha haraka. Mkaribie, jitambulishe, muulize anahitaji nini sasa hivi. Akitaka kuongea msikilize bila kumvuta aseme zaidi ya alilolitaka, na asipotaka keti tu. Halafu muunganishe na ndugu, na huduma, na habari ya kweli. Usimwambie usilie. Usimwambie afadhali wewe watoto wamepona. Usimwambie ni mapenzi ya Mungu. Akisema yeye mwenyewe, itikia. Usiahidi usichonacho.

Na msiwaite watu wote wa kambi wagonjwa wa kiwewe. Kukosa usingizi, kushtuka mvua ikianza kugonga mabati, kulia ovyo, watoto kukojoa kitandani, hayo ni ya kawaida kwa mtu aliyetoka majini, na wengi yatawaisha wakipata utulivu na watu wao. Hata katika maeneo ya vita, Shirika la Afya linakadiria kama mtu 1 kati ya 5 ndiye mwenye ugonjwa wa akili wa kiwango chochote. Wanne hawana.

Mtoto wa Gredi 2. Usimlazimishe kuongea, na msimpe kalamu achore mafuriko. Mkimpa kalamu achore anachotaka. Muda aliopoteza shule mrudishieni kidogo: kila asubuhi saa ileile, chini ya mti uleule, nyimbo, hesabu, hadithi, kisha mpira wa makaratasi na mchezo wa kati. Shule imefungwa lakini wewe uko. Mwache aje na nyanya na leso yake. Wewe chunguza tu: anakula? Analala? Anatazama wenzake wakicheza? Akianza kusogea mchezoni, maneno yatafuata. Wiki zikipita bila mabadiliko, au akiacha kula, hapo apelekwe hospitali. Na nyanya mwenyewe apate wa kumshikia mtoto apumzike.

Kijana wa kifafa ndiye dharura yako ya kwanza, kuliko wote uliowataja. Si kesho kutwa, kesho. Mtu aliyezoea dawa za kifafa zikikatika ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hapo anakufa. Mtume mtu aende naye hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu nanyi na jina la dawa aliyokuwa akitumia. Kadi ikiwa imelowa, mama yake atakumbuka rangi na umbo. Mpaka apate dawa asikae peke yake karibu na moto wala maji. Akianguka mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu, msimtie kijiko mdomoni, hesabuni muda. Ikipita dakika 5, ni gari. Na tafuteni wengine: wale waliokuwa wakinywa dawa za akili wapo, familia zao zimewaficha pembeni kwa aibu. Wahudumu wa afya wa kijiji wanawajua nyumba kwa nyumba. Hawa ndio wanaosahaulika katika kila janga nililofanyia kazi, kwa sababu hawakuumizwa na mafuriko kwa namna inayopendeza kwenye picha.

Muuza dawa mwambieni kwa heshima aache. Vile vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, ushauri wa Shirika la Afya Duniani tangu 2013 ni kwamba mtu asipewe kwa sababu ya mshtuko na kukosa usingizi mwezi wa kwanza baada ya janga. Havizuii kitu, vinazoeleka, na mama aliyelewa usingizi hasikii maji yakirudi.

Mzee wa mochari nimemwacha. Huyo nawaachia watu wa huko, mila zenu mnazijua nyinyi.


Wa_Bunyala, 5 Mei, saa 12:50 asubuhi

Nimesoma usiku, nikaona nimjibu Sista hapo alipoachia.

Mwalimu, mimi natoka Budalang'i. Mto Nzoia umetuhamisha tangu nikiwa mtoto, kabla ya tuta na baada ya tuta. Tuna uzoefu wa kambi kuliko wa shamba, ukitaka kucheka kidogo.

Huyo mzee haumwi. Ana deni kwa mama yake. Kwetu Wabanyala na kwenu Wajaluo, mama hazikwi popote tu, anazikwa bomani, na mwana akishindwa kumweka mamake bomani anajiona si mtu. Umpeleke kwa kaunsela aongee mpaka jioni, usiku atazunguka ua tena. Anachotaka ni kikao. Waite wazee wa ukoo walioko kambini na walioko kwa jamaa zao juu kwenye miinuko. Lazima lisemwe na wazee, si na wewe wala shirika: tunangoja maji yashuke, au tunamzika kwa muda kwa jamaa kwenye ardhi kavu na baadaye tufanye yanayopaswa kufanywa nyumbani. Kwetu nimeona njia zote mbili zikitumika. Kilichomtuliza mtu kila mara ni kwamba uamuzi haukuwa wake peke yake. Aibu ikibebwa na ukoo inakuwa nyepesi.

Mtumishi, nyimbo za jioni naziunga mkono mia kwa mia. Ila chunga. Kambini kwetu alikuja mhubiri akataka kumfunga kamba kijana aliyekuwa akisikia sauti, ati amwombee siku tatu bila chakula. Tulimwombea tukiwa tumemshika mkono, kisha tukampeleka hospitali. Maombi hayakukataa.

Jambo moja kuhusu uvumi. Kila siku kuna mtu wa pikipiki anayeleta habari kwamba maji mengine yanashuka kutoka juu. Watoto wanapanda miti. Chagueni mtu mmoja awe na namba ya chifu, na habari ya mto itoke kwake tu.


Mwalimu_wa_Kano, 5 Mei, saa 2:15 usiku

Asanteni sana. Sista, shikamoo kwanza, jana sikuamkia.

Kijana wa kifafa amepelekwa leo na mamake na dada mmoja wa afya ya kijiji. Wamerudi na dawa za mwezi. Huyo dada alipoambiwa atafute wengine akanitajia wanne papo hapo, mmoja analala nyuma ya stoo ya shule na mimi sikujua yupo.

Choo cha wanawake hakikuwa na komeo. Sasa kina.

Nimempigia yule kijana wa shirika. Hakukasirika kama nilivyodhani. Anasema ameagizwa alete fomu zilizojazwa na picha, bosi wake ndiye anayezingoja. Nikamwambia unga upitie kwenye daftari letu na hakuna kikao cha kusimuliana. Ameuliza, basi makaunsela wake wanne wafanye nini siku nzima? Sikuwa na jibu. Pia anauliza kama wanaweza kurudi kila wiki kwa mwezi mmoja, nikasema nitauliza.

Na jambo jingine linanitisha, ninaliandika kwa kifupi. Mzee wa mochari jana usiku alimwambia mlinzi kwamba ni heri naye angelala huko aliko mamake. Mlinzi akanyamaza. Mimi niseme nini?


Sista_Mstaafu, Nakuru, 5 Mei, saa 2:40 usiku

Marahaba mwanangu.

Naanza na mzee, usiku huuhuu. Nenda ukaketi naye na umuulize wazi: mzee, umefikia kufikiri kujiua? Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mlango. Akisema ndiyo, muulize kama amepanga namna. Usimhubirie, usimtishe na polisi. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa katika sheria zetu, ndiyo maana familia zinaficha mpaka inakuwa matanga. Asibaki peke yake usiku, apate mtu wa umri wake wa kuzunguka naye huo ua, na dawa za shamba na kamba ziondolewe alipo. Akisema amepanga, apelekwe hospitali kesho alfajiri, mpaka hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Kisumu, ikibidi. Na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, ina makaunsela, unaweza kupiga wewe ukiwa kando yake. Ubandike ukutani pamoja na 116 ya watoto na 1195 ya wanaopigwa au kunajisiwa. Kambini hayo hutokea, hata kama bado hakuna aliyekuambia.

Makaunsela wanne wakikubali kurudi kila wiki, wapokeeni, hiyo ni habari nzuri. Jumanne ya kwanza wasifanye kikao. Wawili wafundishe nyinyi wa kamati, walinzi na wapishi hayo maneno matatu niliyoandika jana, kwa mazoezi, mmoja akijifanya mama anayelia na mwingine mlinzi. Mmoja akae na walimu na wale vijana wa michezo. Wa nne awe mahali pa faragha panapojulikana, anayetaka kuongea aende mwenyewe. Mwanamke akitaka kaunsela mwanamke awepo. Baada ya wiki kadhaa, watakaobaki wameelemewa wapewe mazungumzo ya mfululizo. Kuna utaratibu wa vikao 5 uliojaribiwa Nairobi na wahudumu wa afya wa kijiji wasio wanasaikolojia, kwa akina mama waliopitia ukatili, na walipata nafuu. Waulize makaunsela kama wanaufahamu na nani atawasimamia.

Fomu: jina na kitambulisho viondoke. Wakitaka hesabu wape hesabu, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Bosi ataishi. Picha zipigwe za taa na komeo, si za nyuso.

Na wewe mwenyewe unalala saa ngapi? Ujumbe wako wote ni wa usiku. Gawaneni zamu.


Mwalimu_wa_Kano, 6 Mei, saa 7:05 mchana

Nilimuuliza. Alisema amefikiri, hajapanga. Alilia, mimi nikanyamaza, kisha akaanza kunieleza mamake alivyokuwa akiuza samaki Ahero. Binamu yake amelala naye jana. Wazee wa ukoo wanakutana leo saa kumi chini ya mti wa shule, wawili wanatoka Nyakach. Bili ya mochari ndiyo imebaki, ni kubwa.


Sista_Mstaafu, Nakuru, 6 Mei, saa 7:30 mchana

Bili isiwashinde. Ikiwa ni mochari ya hospitali ya serikali, ina ofisi ya ustawi wa jamii. Chukueni barua ya chifu inayosema familia imehamishwa na mafuriko, aende nayo mzee mwenyewe pamoja na mmoja wa wazee wa ukoo, waombe kupunguziwa au kufutiwa siku za mafuriko. Waende asubuhi mapema, kabla foleni haijawa ndefu, na nakala ya barua ibaki kwako katibu.